Mkate wa Safari wa Rafique

Palma, Jumapili

Kwa dada yangu mpenzi Zubaida,

Assalaam aleikum. Nakusalimu kwa furaha isiyotosha kwenye karatasi. Hujambo, na shemeji mguu wake umepona? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mtandao umekatika tena huku, ndiyo maana barua hii nampa Dauto, yule muuza samaki wakavu, aivushe mpaka pale kivukoni Namoto.

Dada, ndoa ni tamu! Rafique akiniita kutoka uani najifanya sijasikia, ili aniite tena. Lakini leo nataka kukuhadithia habari ya mkate.

Wiki ya kwanza, nikifagia chumbani, nilikuta debe chini ya kitanda, limejaa vipande vya mkate vikavu kama matumbawe. Nikakigonga kimoja ukutani, ukuta ndio uliomeguka! Nikajiuliza, nani anaficha mkate hadi unakuwa jiwe? Nikaona haya kuuliza, bibi harusi nisije nikaitwa mpekuzi. Na kutupa chakula hukunilea hivyo. Basi nikavilowesha vyote kwenye tui zito na sukari, nikampakulia mume wangu. Alikula, akaomba tena, akaramba na bakuli!

Kesho yake mama mkwe wangu, Bi Nazira, akaja kulichukua debe lipelekwe melini. Kumbe ule ulikuwa mkate wa safari! Unajua Rafique ni baharia wa meli ya mizigo inayoshuka hadi Beira, na katika ukoo huu mwanamume hapandi chomboni bila mkate uliookwa kwao. Mama alipoona debe tupu akauliza kama mwanawe ameoa panya. Meli ikaondoka bila Rafique. Nahodha akatuma maneno kwamba akikosa na safari ijayo, nafasi yake anapewa mwingine. Nililia, dada. Kazi ya mume wangu niimalize kwa tui la nazi!

Lakini pia nilitamani kujua, jiwe lile linatengenezwaje? Mama akanifundisha. Unga, maji, chumvi na hiliki kidogo. Mafuta hapana, tui ndiyo kabisa, maana huvunda. Unaoka kwa makaa chini na juu, unakata, unaanika, kisha unaurudisha kwenye makaa yaliyofifia mpaka unyevu uishe wote. Kule baharini wanauchovya kwenye chai. Nikauliza mbona hauoti ukungu, mbona wadudu hawautaki, mpaka Mama akasema mwali huyu angeolewa na mwalimu.

Jana akakigonga kipande changu kwa ukucha, karibu na sikio. Kikalia kikavu. Akaniambia nilifunge debe.

Nilipompa Rafique habari kwamba mkate uko tayari, akaniungamia. Siku ile, tonge la kwanza tu, aliitambua hiliki ya mama yake. Alijua anakula safari yake. Akaomba tena, kwa sababu hakutaka kuniacha, na hakuwa na uso wa kumwambia nahodha hivyo.

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaenda kulifunga lile debe kwa nguvu zangu zote, maana kesho meli inaondoka, na safari hii lazima awemo. Kipande kimoja nimekibakiza chini ya mto wangu. Mama ameniapia hakitaharibika mpaka arudi.

Wabusu watoto, na shemeji mpe pole ya mguu. Bi Nazira anakusalimu sana.

Mdogo wako akupendaye,
Laila wa Rafique