Jina la Babu Baraka Ukutani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia huku ughaibuni, mjini Euless, nikaona haya, maana nina miaka kumi na minane tu. Lakini bibi yako ni dada yangu, basi nami ni bibi. Mama yangu hajambo, goti lililokuwa likimuuma limepoa.

Unaogopa shule mpya Jumatatu, na unauliza kama Babu Baraka, kaka yangu anayegongana na watu kwenye hoki ya barafuni, huogopa kitu.

Mwezi uliopita alikuwa kwenye majaribio ya timu yake ya saba. Kila mchezaji jina lake hubandikwa ukutani katika chumba cha kuvalia. Ukifika asubuhi usilikute, umeachwa. Nilimpeleka kwa gari, akakataa kushuka.

“Kaniangalizie, bibi kizee.”

“Mimi? Hata kuagiza chipsi naogopa!”

Alicheka, lakini hakufungua mlango.

Nikaenda. Chumba kilikuwa kitupu, kina baridi. Nilisoma jina moja moja, nikiwaza nitamwambia nini. La kwake lilikuwa la mwisho, karibu na choo.

Nikarudi mbio. “Lipo!”

Alishusha pumzi, akachukua begi. “Asante. Kesho tutaangalia tena.”

Siku hizi huingia mwenyewe. Mimi hubaki garini nikiutazama mlango, wala siwashi gari mpaka nione kwamba harudi, yaani jina lipo.

Jumatatu mwombe mama yako asiondoke haraka. Akusubiri kidogo garini.

Bibi yako mdogo,
Rehema