Siku Mama Yako Hakunijua

Kambale, mujukuu wangu,

Huku Vulamba tuko salama. Dada yako amejifungua mutoto mwanamuke. Wewe tu ndiye hatukuoni.

Umeniuliza kama ile mashini yenu ya huko labo, ya kupima kifua kikuu, inayokopia ADN ya mikrobe, alama yake ya urithi, mpaka ionekane, kwa joto moja tu, bila kuipasha na kuipoza kila mara, itatusaidia nini, kama ni kuharakisha jibu tu.

Mama yako alikuwa angali ananyonya nilipoanza kukohoa. Muganga akatuma makohozi yangu yapimwe, akasema jibu litatoka mbali, na kabla halijafika nisimuguse mutoto. Mama yangu akamupeleka kwake, Alimbongo. Nikangoja mpaka maziwa yakakauka. Mwishowe jibu likaja: hapana kifua kikuu. Nikapanda gari siku ile ile.

Nilipomunyooshea mikono, akaficha uso shingoni mwa mama yangu, akalia.

“Huyu ndiye mama yako,” mama akamuambia.

Alinizoea pole pole, lakini mpaka leo akiumia, haniiti mimi. Anamuita koko yake, mama yangu.

Basi, ukiona mama anangoja jibu na mutoto mugongoni, mupe mapema, arudi naye nyumbani. Na wewe ukipata congé, likizo ya kazi, uje, mutoto wa dada yako akujue uso.

Koko yako,
Katungu