Maua Dume Niliyoyaunga kwa Karanga

Jumamosi, Igogo. Wingu limekalia ziwa tangu alfajiri, halinyeshi wala haliondoki. Moyo wangu nao ulikaa hivyo hivyo, jioni hii ndiyo umeanza kupumua.

Leo nimeipika kazi ya chuo ya mwanangu.

Sitanii. Minza, binti yangu wa pili, yuko chuo kikuu, anasoma mambo ya mimea. Ndiye aliyenifungulia hii blogu, akasema badala ya kumpigia simu mara nane kwa siku, niwe naandika. Mimi niliishia darasa la nne kule Magu, kwa hiyo mkiona neno limekaa upande, mniwie radhi.

Likizo iliyopita alipanda maboga nyuma ya nyumba, mbegu alipewa na mwalimu wake. Juzi amerudi na hadubini ya kuazima, kile chombo cha kukuzia vitu macho yasivyoviona. Jumatatu lazima amwonyeshe mwalimu picha za chavua, yaani ile poda ya njano ya kwenye ua. Bila hizo picha, kazi yake inasukumwa mpaka mwakani. Na kesho saa kumi na mbili asubuhi anapanda basi.

Basi mimi nikaamka mapema nimpikie anachokipenda: majani ya maboga na maua yake, yaliyoungwa karanga. Nikachuma kwa akili, kama mama yangu alivyonifundisha. Ua lenye kiboga chini yake ni jike, huligusi. Dume halizai, hilo ni mboga. Nikayamaliza madume yote.

Minza akatoka na kiboksi chake na kibrashi. Akazunguka bustani mara mbili.

"Mama, maua dume yako wapi?"

"Yako jikoni, mwanangu. Yameshaiva."

Akakaa kwenye jiwe. Hakunifokea. Afadhali angefoka! Alisema tu, polepole, kwamba poda yote inatoka kwa madume, na ua likifunguka alfajiri, ikifika saa nne limeshafumba.

Hapo ikabidi niungame na kosa lingine. Alinikataza kabisa kumgawia mtu ile miche. Lakini ilibanana, nikaipunguza, na mche mzima unautupaje? Mimi siwezi. Nikampa Bi Zaituni, jirani wa pale juu kwenye mawe, miche mitatu. Kimya kimya.

Tulipanda kile kilima mbio, mimi na ndala moja mguuni, nyingine mkononi.

"Shikamoo, bibi," Minza akasema huku anahema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako anakimbizwa na nani?"

"Na mboga," nikajibu mwenyewe. Nilipomweleza, Bi Zaituni alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, chumeni. Lakini niachieni mume mmoja, hawa wake nitawapeleka kwa nani?"

Tukapata manne, bado yamefunguka.

Tuliporudi nyumbani, Minza akapukutisha poda kwenye tone la maji ya sukari aliyoyachanganya na dawa zake. Baada ya muda akaniita kwenye hadubini. "Mama, tazama."

Jamani. Chembe moja ya poda ilikuwa imetoa mrija, mwembamba kama uzi wa buibui, na unarefuka mbele tu, kwenye ncha. Minza akanieleza kwamba pale nchani kuna protini ndogo inayowaka kama taa na kusema, jengeni hapa. Vifurushi vya kujengea ukuta wa mrija vinapelekwa hapo hapo. Pembeni zipo protini nyingine za kuizima, ili isiwake ovyo. Ndivyo mrija unavyojua mbele ni wapi, unapenya ndani ya ua jike mpaka kwenye mbegu changa, boga linatunga.

Miaka yote hii nimekula maboga, sikujua kuna safari humo.

Tone la pili alilitia dawa ya kuivuruga ile protini. Humo mirija haikwenda popote. Ilivimba kama andazi.

"Imekosa nguvu?" nikauliza.

"Hapana mama, nguvu inazo. Ila taa imewaka kila upande, haijui ielekee wapi."

Nikaitazama ile iliyovimba kwa muda mrefu. Nikakumbuka simu zangu. Umekula? Umelala? Mbona hupokei? Na nani anakusindikiza? Zote kwa siku moja, na kwa mtoto mmoja.

 Minza alikuwa anapiga picha zake, anatabasamu. Picha zimetoka.

Mchana amekula ile mboga sahani mbili, akalamba na kijiko. Nimemfungia nyingine kwenye kopo la safari.

Sasa najiambia hivi: nitampigia akishafika. Mara moja tu. Na basi likipita Shinyanga bila yeye kunipigia, nitakwenda nyuma ya nyumba nikayaangalie madume mapya yaliyofunguka, mikono nikiwa nimeifunga mgongoni.