Karatasi ya Nane

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule kaniita kabla ya paredi. Vipindi vya sayansi vya Darasa la Saba nivishike mimi mpaka mwalimu mpya apatikane. Mimi! Mwalimu wa historia! Nikamwambia sayansi yangu inaishia kwenye kuchemsha maji ya chai. Hakucheka. Akasema marehemu mke wangu aliacha kila kitu kimepangwa, kazi yangu ni kufuata tu.

Hilo ndilo ninaloliogopa.

Sanduku lake lipo juu ya kabati, chumba cha sayansi. La viatu alivyovaa harusi ya mdogo wake. Juu kaandika kwa kalamu nene: MACHO. MZEE TAREHE, USIGUSE TOCHI! Mzee Tarehe ni mimi — wanafunzi ndio walionibandika jina, yeye akalihamishia nyumbani. Tangu Desemba hakuna anayeniita hivyo nyumbani. Nyumbani hakuna mtu.

Sikulifungua.

Jumatano, 5 Machi

Nimelifungua. Kipindi ninacho, ningefanyaje? Tochi, kioo cha mkononi, kadi nyekundu, penseli, na maelekezo kwa mwandiko wake, kila zoezi na karatasi yake. "Wawili wawili. Mmoja afumbe macho, mwenzake ahesabu mpaka ishirini. Afumbue akiwa dirishani. Tazameni mboni." Wakatazama. Kelele zake! Inasinyaa, Mwalimu, inasinyaa!

Halafu bomba la karatasi. Unachungulia kwa jicho moja, kiganja unakiweka kando ya bomba mbele ya jicho la pili, macho yote wazi — unaona kiganja chako kina tundu. Nikajaribu na mimi. Kweli, kimetoboka. Nimecheka peke yangu mbele ya darasa zima.

Miaka ishirini na mbili nimeishi na mtu wa mambo haya, sikumwomba hata mara moja anionyeshe. Alikuwa anakuja nayo mezani, jioni, kachangamka. Mimi naitikia mhm, macho kwenye gazeti.

Nimelia stoo ya vitabu. Dakika tano. Kisha nikaenda kufundisha Darasa la Sita.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kapiga simu kuuliza kama nakula. Nimesema nakula. Mkate si chakula?

Ijumaa, 7 Machi

Zoezi la leo: pale ambapo jicho halioni. Kumbe kila mtu anapo! Unabandika karatasi ukutani, ina alama ya msalaba. Unafumba jicho moja, la pili unalikaza kwenye alama, usilihamishe. Mwenzako anasogeza penseli yenye kichwa chekundu, taratibu, kutoka kwenye alama kwenda pembeni. Ikikupotea unasema imepotea, anaweka nukta. Ikirudi unasema imerudi, nukta nyingine. Mkiziunganisha mnapata kaduara. Mke wangu alikuwa akikaa yeye kwanza, kila Machi, kuwaonyesha. Zimo karatasi zake saba, zimeandikwa tarehe. Duara lile lile kila mwaka, la ukubwa wa harage.

Nilivuruga. Penseli nimeikimbiza, hakuna kilichopotea. Ndipo binti mmoja wa mbele akasimama, huyu wanayemwita Kinanda kwa sababu hanyamazi. Siyo hivyo, Mwalimu! Pole pole. Msubiri aseme mwenyewe. Akaichukua penseli akafanya kama mtu aliyezoea. Akawaeleza wenzake kwamba pale panapopotea hupaoni peusi, unaona karatasi tupu tu, ubongo unapajaziliza wenyewe, hata hujui kama kuna kitu hukioni.

Nikamuuliza nani kamfundisha, mada yenyewe ni ya mwaka huu. Akanyamaza. Kinanda kunyamaza!

Nilipokuwa narudisha vitu, nikaona kadibodi ya chini imeinuka. Karatasi ya nane. Imekunjwa mara nne. Siyo ya Machi — Jumatatu, 16 Septemba, mwaka jana.

Hakuna harage. Nukta zimeshuka mstari mmoja toka juu hadi chini, pale pale kwenye alama. Upande wa kushoto wote mweupe, penseli ikipita huko haioni kabisa, na neno moja kwa mkono wake: hakuna. Nikageuza, nyuma ni jicho la pili. Hakuna.

Hospitali tulikwenda Novemba, alipoanguka. Daktari aliuliza dalili zimeanza lini. Mke wangu akajibu: wiki mbili. Nilikuwa pale pale, nimemshikia mkoba. Daktari akasema uvimbe wa kichwani umeshakuwa mkubwa, wangeuwahi wangejaribu kuutoa.

Alijua tangu Septemba. Na mimi hakuniambia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoa daftari langu la mwaka jana. Tarehe hiyo haikunitoka kichwani. Nanakili nilivyoandika, sipunguzi neno.

"Jumamosi, 14 Septemba. Leo kanipita sokoni hatua mbili, kama nguzo ya umeme. Nimempungia mkono, wapi! Mbele ya watu. Simsemeshi mpaka aombe radhi."

"Jumapili, 15. Kimya. Atanitambua."

"Jumatatu, 16. Kachelewa kutoka shule. Kaja kukaa mbele yangu muda mrefu. Sikuinua macho."

"Jumanne, 17. Kaomba radhi. Kasema alikuwa na mawazo. Akataka kuongeza jambo, nikamwambia basi, yaishe. Nimeshinda."

Nimeshinda! Na nimepigia mstari.

Asubuhi nzima najiuliza nilisimama wapi siku ile. Yeye aliingia kwa geti kubwa. Mafundi cherehani walikuwa kulia kwake. Mimi kwa muuza ndoo. Kushoto.

Na yale mabega! Bega la kushoto lilikuwa na michubuko kila wiki. Kila akijigonga mlangoni namuuliza, huo mlango umekukosea nini? Naye anacheka. Anasugua bega, anacheka.

Jumapili, 9 Machi

Kwa nini hakusema? Aliniogopa? Alinichoka? Sitaki kujua.

Nataka kujua.

Jumatatu, 10 Machi

Baada ya kipindi nimemwambia Kinanda abaki. Mlango wazi, wenzake wako uwanjani. Nikaifungua ile karatasi juu ya dawati. Kanuni ya mke wangu ni kwamba aliyesogeza penseli anaandika jina chini. Sikuliona Ijumaa, limeandikwa kwenye mkunjo, kadogo: Kinanda.

Kwanza akaangua kilio. Nikamsubiri.

Siku ile ilikuwa zamu yake kufagia chumba cha sayansi. Madam kamwomba amsogezee penseli. Wamerudia mara tatu, jicho hili, jicho lile. Mara ya tatu Madam kacheka, kasema, "Kumbe kweli sikumwona, maskini." Kisha kaikunja karatasi, mara nne. Akamwambia asimwambie mtu. "Mwalimu nitamwambia mwenyewe, leo au kesho, akishaacha kununa."

Leo au kesho. Jumatatu au Jumanne.

Nimekaa kwenye dawati, magoti yamegonga juu. Miezi sita mtoto kabeba hili peke yake. Akaniuliza, ningesema, Mwalimu, Madam angepona? Nikamwambia hapana, halikuwa jukumu lako, wewe ni mtoto, uliambiwa unyamaze ukanyamaza. Nikarudia mara mbili ili asikie.

Akafuta pua. Akasema, lakini alikwambia, si ndiyo?

Nikamwambia ndiyo. Alinieleza.

Hapo mabega yalimshuka. Nilimwona kabisa! Akaanza kuongea tena — mara penseli nyekundu zimeisha wino, sijui penseli zina wino gani, mara fulani anachungulia kwa macho yote mawili anasema amefumba moja. Akachukua mkoba wake. Alipofika mlangoni akageuka.

Na wewe ulimjibu nini, Mwalimu?

Nimemwambia awahi mapumziko, nitamweleza kesho. Jibu ninalo, limo kwenye daftari la mwaka jana, lina mpaka tarehe. Kesho kipindi cha tatu ni sayansi, na Kinanda anakaa dawati la mbele.