Mstari Katikati ya Majina ya Mjukuu

Jumatatu, 3 Machi
Lwitiko, mkwe wangu, ni mjinga. Mwanaume mzima anaambiwa picha za mwanawe hazionekani, anajibu, "Sawa, daktari." Sawa nini? Mtoto ana uvimbe shingoni, pumzi inapita kwa shida. Picha za skani tulipiga Iringa, miguu nilimshika mimi. Zikatumwa huku hospitali ya Mbeya kwa kompyuta. Leo wanafungua jalada la Atupele: tupu. Skani ya hapa mbovu. Bila picha, hawapasui Alhamisi.

Jumanne, 4 Machi
Mtoto hali. Uji unarudi. Baridi ya Mbeya nayo haina adabu.
Dada wa kompyuta kauliza jina kamili. Nikamwambia: Atupele, mstari, Semkondo. Atupele ni bibi yake wa Kinyakyusa. Semkondo ni mama yangu, Mhehe. Siku ya kumpa jina wazee waligombana lipi litangulie mpaka ugali ukapoa. Wakaweka mstari wa mshazari katikati, asiwepo mkubwa. Na cheti cha kuzaliwa kimeandikwa hivyo.
Dada akacheka. Eti kompyuta ya Iringa ikiona ule mstari inadhani ni mlango. Inatengeneza jalada la Atupele, ndani yake jingine la Semkondo. Picha zimo humo ndani. Ya Mbeya inatazama la nje tu. Iringa watume upya, mstari utoke.
Lwitiko akadakia: "Basi waandike Atupele tu." Nimemtukana mbele ya foleni. Mama yangu afutwe na mashine?

Jumatano, 5 Machi
Midomo ya mtoto imegeuka zambarau. Wamemwekea oksijeni. Naogopa. Naandika tu, sisemi.
Nimempigia mwenyewe fundi wa picha Iringa. Andika Atupele, andika hata Mbuzi, tuma!
"Bibi, kamwene kwanza."
Salamu hiyo utaipata mtoto akipona.
Jioni picha zimefika. Daktari kazitazama moja moja, muda mrefu. Nilimchukia. Kasema kesho anapasua.

Alhamisi, 6 Machi
Ametoka. Uvimbe wameupeleka kupimwa. Amelala, kifua kinapanda na kushuka vizuri. Lwitiko kaleta chai, kikombe kimoja. Tumekunywa kwa zamu.
Dada kasema majina mawili hayana ubaya, ubaya ni mstari. Basi cheti kibadilishwe. Lwitiko aende mwenyewe. Atupele Semkondo. Ndiyo, Atupele atangulie. Na aende upesi, kabla sijageuza maneno.