Panga la Shemeji

Suame, Kumasi
Jumatano jioni

Kwa Dada yangu Konadu,

Shikamoo, Dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Afriyie, na mafua yaliyokuwa yakimsumbua mtoto yawe yamekwisha. Mimi mwili mzima, ila usingizi umenikimbia. Mama Mdogo umsalimie sana. Mwambie vile viazi vikuu alivyotutumia vilifika salama, na kama atauliza vimeishia wapi, mwambie vimeishia kwangu.

Najua utashangaa kuletewa barua na dereva wa lori. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Hata ungepokea ningekuuliza habari za mvua za Techiman, halafu ningekata. Tangu utoto ulinipachika jina la Kasuku kwa sababu ya mdomo huu, na sasa mdomo wenyewe umenishinda, ndiyo maana nimeshika kalamu. Tafadhali isome ukiwa peke yako, na uisome mpaka chini.

Jana Mjomba Twumasi alinipitia kibandani akiwa na chupa iliyofungwa kwenye gazeti. Amesema amechoka kuulizwa na watu kama mpwa wake ameolewa au hakuolewa. Jumamosi tunakwenda kwa wazee wa Shemeji Amponsah kuwarudishia kinywaji walichokuposea, na wakishakipokea, ndoa yako itakuwa imekwisha. Akasema pia kwamba chupa nitaibeba mimi, kwa kuwa ndiye ndugu yako pekee wa kiume. Akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya mota zilizofunguliwa matumbo, akanionya nisije nikaivunja. Iko hapa mbele yangu ninavyoandika. Dada, chupa hii siwezi kuibeba, na inabidi ujue sababu kabla Jumamosi haijafika.

Nianze na kazi. Kazi ipo, tena nyingi, kwa sababu mashine za bei poa hazikosi kufa. Kila kontena linaloshuka linakuja na jina jipya. Mwaka huu mashine ni ya kijani, mwakani aliyeitengeneza hajulikani alipo, na ukimpelekea mwenye duka kipande kilichoungua anakutazama kama umemletea jino la marehemu akutafutie pacha wake. “Hizo haziji tena, bro. Mwambie mtu wako anunue mpya.” Mtu mwenye uwezo wa kununua mpya angekuja kwangu kufanya nini? Basi tunafanya kama ulivyokuwa ukituona kwa Fundi Bediako ukiniletea chakula: tunafukua mashine zilizokwisha kufa, tunatoa kinachofanana, tunakipunguza kwa tupa mpaka kiingie, tunaomba Mungu.

Grenda ya Shemeji, ile ya kijani anayokatia vyuma, ilikuwa mojawapo ya hizo. Iliungua koili katikati ya kazi ya geti la kanisa lenu. Unakumbuka alivyolipigania lile geti. Tangu aape mbele ya wazee wa kanisa kwamba pombe ameiacha, ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza waliyomwamini nayo, na wewe ulitembea mtaani siku hiyo shingo imenyooka. Angeweza kuipeleka mashine kwa Fundi Bediako. Aliniletea mimi, wakati nilikuwa ndiyo kwanza nimeachiwa na Fundi, poda niliyopakwa siku ya kuhitimu haijatoka vizuri nyuma ya masikio. Watu waliokuwa pale kwenye vibanda walimcheka, wakamwambia anakwenda kumzika mgonjwa wake akiwa hai. Yeye aliwajibu kwamba huyu ni shemeji yake, na kama ataua mashine, basi ameiua ya nyumbani.

Koili niliyoipata niliitoa kwenye mashine nyekundu iliyokufa zamani, na nyaya zake zote zilikuwa za rangi moja. Fundi Bediako alitufundisha kwamba kabla hujakata waya unaufunga uzi, ujue ulikuwa wapi. Ukishalehemu, unaiwasha mashine bila diski, unaangalia inazungukia upande gani. Maana nyaya mbili zikibadilishana mahali, mota inanguruma vilevile na nguvu zake zote, lakini inazunguka kinyume, na grenda inayozunguka kinyume inajifungulia nati yenyewe. Uzi sikufunga. Kuwasha sikuwasha, kwa sababu asubuhi ile ya Jumamosi umeme ulikuwa umekatika Suame nzima. Jirani yangu anayeziba matairi ana jenereta, ni kuvuka mtaro tu. Sikuvuka. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nilikuwa nimetoka kwenye mkesha wa msiba wa mama mkwe wa Fundi, na niliona jua linanichoma mpaka ndani ya fuvu.

Na kitu nilicholehemea zile nyaya, Dada, ni kile chuma cha kulehemu unachokijua. Siku ya posa yenu, ilipofika zamu ya panga la shemeji, wazee walitegemea Amponsah atanipa hela kidogo kwenye bahasha, kama wanavyofanya wote siku hizi. Yeye alitoa kile chuma, kipya, kimefungwa kitambaa. Akasema zamani kaka wa mke alipewa panga amlinde dada yake njiani, ila huyu kijana anapenda nyaya kuliko vichaka, basi panga lake ni hili. Mjomba alinung'unika, wewe ulilia. Mimi nililala nacho kitandani.

Alipokuja kuichukua mashine alinitazama usoni kwa muda. Akaniambia nikanawe, nikatafute supu yenye pilipili ya kutosha. Halafu akacheka, akaniita Fundi, akaondoka nayo begani. Hakuwahi kuniita hivyo kabla.

Kanisa haliko mbali, mayowe niliyasikia nikiwa bado nakunja vitu vyangu. Nilipofika nilikuta jenereta ya kanisa bado inanguruma, diski imejichimbia kwenye mlango wa mbao, na mbele ya mlango kina mama waliokuwa wanamenya karanga za sikukuu ya mavuno wametawanyika, beseni limepinduka. Shemeji alikuwa amekaa chini, ameshika shavu, damu inapita katikati ya vidole. Ingepita chini kidogo ningekuwa nakuandikia habari za msiba. Mama Mchungaji alikuwa anauliza imekuwaje, imekuwaje.

Yaliyofuata unayajua. Ulirudi kutoka sokoni ukakuta mtaa mzima unasema mumeo amerudia chupa, kwamba alikuwa amelewa ndiyo maana hakukaza nati. Kanisa likampa geti mtu mwingine. Ulimuuliza mbele yangu kama alikunywa, akasema hakunywa. Ukamuuliza basi kwa nini diski ilitoka, akanyamaza, akatazama chini. Wewe ukaona kimya chake ni jibu. Ukamwambia afadhali ungeolewa na lile beseni la karanga, maana lenyewe likimwagika linamwagika bila kuapa. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, na nilicheka pia, Dada, kicheko kidogo cha kuogopa kutocheka.

Baada ya wewe kuondoka kwenda kwa Mama Mdogo nilikaa wiki nzima bila kupita kwa Shemeji. Nilikuwa najua. Toka nilipoona diski ipo mlangoni nilijua, maana nati ilikuwa imetoka nzima, haikukatika wala kupasuka. Nilikwenda hatimaye nikiwa na uongo nimeuandaa, nimwambie naomba mashine niitazame kaboni za mota kama zimelika, niibe nafasi nigeuze zile nyaya kimyakimya. Nilimkuta anakata nondo kwa grenda ileile. Cheche zilikuwa zinaruka upande unaotakiwa.

Aliizima, akanivutia kigoda. Akaniambia nyaya ameshazigeuza mwenyewe, ilimchukua muda kwa sababu vidole vyake vimezoea vitu vinene. Akasema siku ile alipogusisha diski kwenye chuma, cheche zilimjia usoni badala ya kwenda mbele, akajua hapohapo, lakini mkono haukuwahi swichi. Alisema haya yote kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya sementi. Nikamuuliza kwa nini basi hakuwaambia watu, kwa nini hakukwambia wewe. Nayaandika maneno yake kama alivyoyatamka:

“We Fosu, una akili kweli? Kibanda umefungua juzi. Ningesema mashine ya fundi mpya imetaka kuua watu kanisani, nani angekuletea hata pasi? Mimi mlevi nimeshaitwa miaka, nimezoea. Jina lako bado bichi.”

Nikamwambia lakini mke ameondoka. Akainama, akaanza kufuta vumbi la chuma kwenye mapaja. Akasema alidhani hasira zitakwisha utarudi, na kwamba ukirudi angekwambia chumbani, mkacheka. Halafu akaniuliza kama Afriyie amepona mafua. Kovu lake liko chini ya jicho la kushoto, limekaa vibaya kwa sababu hakwenda kushonwa.

Nilitaka kuishia hapo, Dada. Nimeandika sentensi iliyopita, nikanyanyuka, nikazunguka meza, nikaitazama chupa ya Mjomba. Ingekuwa barua ya fundi aliyekosea, na fundi kukosea si jambo geni, ungenigombeza na ungenisamehe. Lakini kosa la nyaya ndilo dogo.

Neno la pombe nililianzisha mimi. Pale kanisani, Mama Mchungaji alipokuwa anauliza imekuwaje, mtu mmoja akanigeukia akasema si wewe uliyeitengeneza hii? Watu wote wakanitazama. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nilisema mashine ni nzima kabisa, nimeikabidhi nzima, wamuulize mwenyewe jana alikunywa nini. Nilisema hivyo yeye akiwa chini anavuja damu, na sijui hata leo kama alisikia. Mama mmoja akasema kwa kweli hata yeye anaisikia harufu. Akasema na mwingine anaisikia. Na harufu ilikuwepo, Dada, hawakudanganya. Ilikuwa inatoka kwangu. Mkeshani nilikunywa hadi alfajiri, nikalehemu zile nyaya mikono ikiwa haijakauka pombe, na nilikuwa nimesimama katikati yao. Mwenye kulewa pale alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa anamsingizia mwenzake.

Shemeji alijua nimelewa. Ndiyo maana aliniambia nikanawe nikanywe supu. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema ili akubakize nyumbani, Fosu alikunywa, na aliyaweka mfukoni. Mimi niliyepewa panga nikulinde njiani nimekukatia nyumba yako nalo. Nina aibu ambayo sijui niishike wapi. Nikikaa kazini, watu wakinisifu kwamba mikono yangu ni mizuri, natamani kuificha.

Nimeamua hivi. Kesho asubuhi nitakwenda kwa Mjomba na chupa yake, nitamweleza kama nilivyokueleza, na akitaka kunipiga nayo kichwani nitakaa kimya. Jumapili nitasimama kanisani baada ya matangazo. Kina mama waliosikia uongo wangu wote watakuwepo, nimeuliza. Kibanda kama kitafungwa, kifungwe. Fundi Bediako huenda akanipokea tena nimfagilie kibanda. Ila kwa Shemeji bado sijasema kwamba neno lile lilikuwa langu. Nataka nimwambie wewe ukiwa umeshajua, nisipate mwanya wa kupunguza.

Mjomba ni mbishi, unamfahamu. Anaweza kusema huyu mtoto anamtetea rafiki yake, akaibeba chupa mwenyewe. Neno lako tu ndilo litakalomzuia.

Nisalimie watu wote hapo, Mama Mdogo na majirani zake wa kule sokoni, na umbebe Afriyie mgongoni kidogo kwa niaba yangu, umwambie Mjomba wake Kasuku anamkumbuka. Mwenyezi Mungu awalinde. Barua hii usinijibu, Dada. Mpigie Mjomba, halafu mpigie mumeo. Mimi niache mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Fosu