Nguo za Watu

Tarehe 9 Aprili

Kwa binti yangu mpendwa,

Natumaini hujambo wewe na wa nyumbani. Mimi mzima, ingawa nanuka tope. Mto umefanya jambo ambalo hata wazee hawakuwahi kuliona: umekatiza sokoni na kuingia dukani kwangu bila hodi. Pasi na mabeseni vimekwenda na maji. Nguo za wateja niliwahi kuzipandisha ghorofani.

Kisha majirani wakapanda kwangu, wamelowa chapachapa, watoto meno yanagongana. Nikafungua mafurushi, nikawavisha. Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako; safari hii imesitiri mtaa mzima. Ila hazikuwa zangu, mwanangu. Udobi ni kuaminiwa, nami nimegawa hadi koti la marehemu mume wa mshonaji, aliloleta nilifue akalitunze. Analo fundi bomba, anazolea tope. Namwogopa mama yule kuliko mto. Akinitangaza, nani ataniletea tena hata leso?

Baba yako.

Tarehe 17 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, ikabidi nikae. Namshukuru Mungu u hai. Sisi hatujambo, mjukuu wako anakuulizia kila siku. Funga duka, baba, uje ukae nasi. Lakini kwanza mwendee yule mama umwambie mwenyewe, asije akasikia mtaani.

Mwanao.

Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, na ahsante kwa kunisukuma. Wenye nguo wamekuja, hakuna aliyenigombeza. Mwalimu mkuu alikuta suti yake kwa muuza samaki, akakiri imemkaa mwenzake vizuri zaidi, ila akataka apunguziwe bei ya samaki.

Kwa mshonaji nilikwenda jasho likinitoka. Sijamaliza kueleza, akataka nimpeleke kwa fundi. Tulimkuta mtaroni, koti limejaa tope hadi kwapani. Fundi akaanza kulivua. Mama akamzuia, akamfunga kifungo kilichoachia, huku analia.

"Mume wangu asingekaa ndani siku kama hizi," akasema. "Livae mpaka lichakae."

Nitakuja kuwaona, mwanangu, ila kuhama siwezi, nina kazi. Jana yule mama aliniletea nguo zote za mumewe zilizobaki, akaniomba nizifue vizuri, kisha nizigawe.

Baba yako.